Maswali na majibu: Nani alistahili Oscar, na nani huamua?

Habari zenu wasomaji. Kila msimu wa Oscar ukipita, maswali yanayonifikia yamejaa uchungu: kwa nini yule, kwa nini si huyu. Leo nimechagua machache. Mengi yanahusu sherehe ya Machi 2, 2025, ambayo mwongozaji Sean Baker aliondoka na tuzo nne kwa filamu moja, Anora. Nimeyafupisha bila kuyageuza.

Swali: Dada, mimi na wanangu tulikesha mpaka alfajiri, na filamu tuliyoipenda haikupata kitu. Hao waamuzi ni akina nani, na kwa nini sisi watazamaji hawatusikilizi?

Pole kwa usingizi uliopotea. Sherehe huanza Los Angeles alasiri au jioni, na kwetu huwa ni saa nane au saa tisa usiku. Aliyekesha ana haki ya kudai maelezo.

Hakuna jopo la waamuzi. Hakuna meza ya watu saba waliofungiwa chumbani wakibishana. Wanaopiga kura ni wanachama wa Akademia ya filamu ya Marekani, kama elfu kumi hivi, na karibu wote wanaishi kwa kazi hiyo: waigizaji, waongozaji, wahariri, wapiga picha, watu wa sauti, wa mavazi, wa vipodozi. Wakati wa uteuzi kila fani huteua watu wake, wahariri wakiteua wahariri na waigizaji wakiteua waigizaji. Filamu Bora huteuliwa na wanachama wote. Majina yakishatangazwa, kila mwanachama anaweza kupiga kura katika kila kipengele. Kwa hiyo tuzo hii ni fundi kumtuza fundi mwenzake, na mtazamaji wa nyumbani hana kura humo hata moja.

Jambo la pili ndilo linalowachanganya wengi. Katika vipengele vya uigizaji mpiga kura huchagua jina moja tu, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata kama hakufika nusu. Filamu Bora huhesabiwa kwa namna nyingine. Mpiga kura huzipanga filamu kumi zilizoteuliwa kuanzia anayoipenda zaidi hadi ya mwisho. Chukulia kura ni mia na filamu ni tatu tu. Ya kwanza imewekwa nambari moja na watu 40, ya pili na 35, ya tatu na 25. Hakuna iliyovuka nusu, kwa hiyo ile ya tatu inaondolewa na zile karatasi zake 25 zinafunguliwa upya: waliipa nani nafasi ya pili? Tuseme 20 waliandika filamu ya pili, na watano wakaandika ya kwanza. Sasa hesabu ni 55 kwa 45, na iliyoongoza mwanzoni imeshindwa.

Ndivyo inavyofanyika, filamu baada ya filamu, mpaka moja ivuke nusu. Utaratibu huu ulirudishwa kwa sherehe ya 2010, filamu zilizoteuliwa zilipoongezwa kutoka tano hadi kumi. Filamu inayopendwa kiasi na watu wengi huweza kuipita ile inayoabudiwa na kundi moja na kuchukiwa na jingine. Mimi naona ni haki kwa tuzo kubwa kuliko zote. Lakini pia inaeleza kwa nini filamu iliyokutetemesha wewe huenda ikaishia njiani.

Swali: Demi Moore alidhulumiwa mchana kweupe. Miaka zaidi ya arobaini kazini, halafu tuzo anapewa msichana wa miaka 25! Unasemaje?

Neno "kudhulumiwa" nalikataa, ingawa uchungu wako naujua. Kwenye The Substance, Demi Moore anacheza nyota aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya umri, na nafasi yake inachukuliwa na msichana. Usiku ule Mikey Madison wa Anora alipotajwa Mwigizaji Bora wa Kike, watu wengi waliona kama filamu imeendelea nje ya skrini. Na Januari Moore alikuwa ameshinda Golden Globe, tuzo nyingine kubwa ya filamu, akasimulia jinsi mtayarishaji mmoja alivyowahi kumwambia kuwa yeye ni mwigizaji wa filamu za bisi tu. Tukajiandaa wote kumwona akipanda jukwaani.

Kuna tukio moja la Moore katika filamu ile ambalo sitalisahau. Anajiandaa kutoka na mwanamume, amevaa vizuri, yuko tayari kabisa. Anarudi kwenye kioo kuongeza kidogo. Anafuta. Anapaka tena. Anafuta kwa nguvu zaidi, mpaka uso mzima umechafuka, na hatoki tena usiku huo. Hakuna maneno hapo, ni mikono na uso peke yake.

Lakini dalili zilikuwepo. Mikey Madison alikuwa ameshachukua BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, wiki mbili kabla. Na dakika za mwisho za Anora, ndani ya gari, theluji ikidondoka na waipa zikienda huku na huku, zimebebwa naye kuliko mtu mwingine yeyote. Idadi ya kura haitangazwi kamwe, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema alishinda kwa nyingi au kwa chache.

Na mkitaka kujua ya kwangu: ningempa Fernanda Torres wa I'm Still Here. Anacheza Eunice Paiva, mama ambaye mumewe alichukuliwa na utawala wa kijeshi wa Brazil mwaka 1971. Waandishi wanakuja kuwapiga picha yeye na watoto, wanataka nyuso za huzuni. Yeye anawaambia watoto watabasamu. Tabasamu lile limenikaa kifuani mpaka leo. Filamu ilipata tuzo ya Filamu Bora ya Kimataifa, ya kwanza kwa Brazil, lakini yeye alirudi mikono mitupu, kama mama yake mzazi, Fernanda Montenegro, alivyoikosa mwaka 1999.

Swali: Nasikia wapiga kura wengine hawazioni hata hizo filamu. Ni kweli?

Kwa miaka mingi hakukuwa na cha kuwazuia katika vipengele vingi. Baadhi walikiri hadharani kuwa hawakumaliza filamu fulani kwa sababu ni ndefu. Aprili 2025 Akademia ilibadilisha kanuni: kuanzia kura za sherehe ya 2026, mwanachama hapigi kura ya mwisho katika kipengele mpaka awe ameona filamu zote zilizoteuliwa humo. Akitazama kwenye mtandao wa Akademia inarekodiwa, akiona ukumbini au kwenye tamasha anajaza fomu. Mtu anaweza kudanganya kwenye fomu, bila shaka. Hata hivyo kanuni hii ilipaswa kuwepo tangu zamani, na kuchelewa kwake ni aibu kwa watu wanaoomba tuwaamini.

Swali: Ile ya 2017, La La Land kutangazwa kumbe ni Moonlight, ilikuwa maigizo ya kuvuta watazamaji?

Hapana. Rudia kuiangalia taratibu. Warren Beatty, aliyepewa kazi ya kumtangaza mshindi wa Filamu Bora pamoja na Faye Dunaway, anafungua bahasha, anasoma kadi, anasita. Anachungulia tena ndani ya bahasha kama anayetafuta karatasi nyingine. Anamtazama Faye Dunaway. Dunaway anadhani mwenzake anamtania, anatupia jicho kadi, anataja La La Land. Watu wanapanda, shukrani zinaanza, na nyuma yao wanapita wafanyakazi wenye vifaa vya masikioni, nyuso zimewapauka. Mwishowe mtayarishaji wa La La Land, Jordan Horowitz, ndiye anayeshika kipaza sauti na kusema wenzao wa Moonlight ndio washindi, kisha anaiinua kadi sahihi mbele ya kamera.

Chanzo chake ni kidogo mno. Wahasibu wawili, ambao huhesabu kura na kutunza bahasha, walisimama kila mmoja upande wake wa jukwaa, kila mmoja na seti kamili ya bahasha. Tuzo ya Mwigizaji Bora wa Kike ilitolewa kwa bahasha ya upande mmoja, ile pacha yake ikabaki upande wa pili, na hiyo ndiyo Beatty alikabidhiwa. Kadi ilikuwa na jina la Emma Stone pamoja na La La Land, na jina la kipengele liliandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Mwaka uliofuata akaongezwa mhasibu wa tatu, akakaa chumba cha kuongozea matangazo. Mimi kinachoniuma ni kwamba watu wa Moonlight hawakupata dakika yao safi. Furaha yao ilianza kwa kuuliza kama ni kweli.

Swali: Kwa nini mtu wa sauti anakatwa na muziki baada ya maneno mawili, halafu mwigizaji anaongea mpaka tunasinzia?

Naungana nawe kabisa. Washindi huambiwa wana sekunde 45. Mwaka 2025 Adrien Brody, mshindi kwa The Brutalist, alizungumza zaidi ya dakika tano na nusu, rekodi mpya, na muziki ulipoanza kumwondoa aliomba uzimwe. Ukazimwa. Kabla ya hapo, akielekea jukwaani, alikumbuka ana bazoka mdomoni, akaitoa na kumrushia mwenza wake.

Sina ugomvi na Brody, alikuwa na la kusema. Ugomvi wangu ni mizani. Mtu aliyeshinda tuzo ya sauti huenda hatapanda tena jukwaa lile maisha yake yote. Mwaka 2022 walifika mbali zaidi: vipengele vinane, vikiwemo uhariri na sauti, vilitolewa kabla ya matangazo ya moja kwa moja, sisi tukaonyeshwa vipande. Malalamiko yalikuwa makali, na 2023 vyote vilirudishwa. Watazamaji tusidhani sauti zetu hazifiki.

Swali: Will Smith alimpiga Chris Rock kofi halafu akapewa tuzo. Kwa nini hawakumnyang'anya?

Kura zilikuwa zimeshafungwa siku kadhaa kabla. Baadaye alijiuzulu uanachama, na akazuiwa kuhudhuria shughuli za Akademia kwa miaka kumi. Sanamu ni yake bado. Kosa kubwa naliona kwa waandaaji, waliomwacha akae kitini mpaka ashangiliwe.

Swali: Tuambie ukweli, mtu mweusi ana nafasi pale? Au Lupita ilikuwa bahati?

Lupita Nyong'o alishinda Machi 2, 2014 kwa 12 Years a Slave, na aliyeiona filamu ile hasemi bahati. Lakini swali lako lina msingi, na jibu lake linaanzia mbali.

Februari 29, 1940, Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kama Mwigizaji Bora Msaidizi katika Gone with the Wind. Sherehe ilikuwa hoteli ya Ambassador, Los Angeles, hoteli isiyopokea watu weusi. Mtayarishaji wake ilibidi aombe ruhusa maalumu ili aingie. Waigizaji wenzake walikaa pamoja, yeye akawekwa meza ndogo ukutani. Alipotajwa, ilimbidi atoke kule pembeni apite katikati ya ukumbi. Alipewa kibao, kwa kuwa waigizaji wasaidizi wa wakati huo hawakupewa sanamu.

Mwanamke mweusi wa pili kushinda kwa uigizaji, Whoopi Goldberg, alishinda 1991. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Halle Berry alichukua Mwigizaji Bora wa Kike mwaka 2002, na mpaka sherehe ya 2025 alikuwa bado peke yake. Mwaka 2015 na 2016 wateule wote 20 wa uigizaji walikuwa weupe, miaka miwili mfululizo, ndipo kelele za watazamaji na wasanii zikailazimisha Akademia kuahidi kupanua uanachama wake. Wakaingizwa wanachama wengi kutoka nje ya Marekani, na 2020 Parasite ya Korea Kusini ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Filamu Bora. Mlango umefunguka zaidi. Bado haujafunguka wote, na mimi sitaacha kusema.

Swali: Mshindi analipwa shilingi ngapi?

Hata senti. Anapata sanamu yenye urefu wa sentimita 34 na uzito wa karibu kilo 3.8. Na washindi tangu 1951 hufungwa na masharti: akitaka kuiuza, sharti kwanza aitolee Akademia kwa dola moja.

Swali: Basi kwa nini wasituruhusu mashabiki tupige kura hata kipengele kimoja?

Walijaribu 2022, kupitia Twitter, bila kuifanya tuzo rasmi. Ikashinda Army of the Dead ya Zack Snyder, mwongozaji ambaye mashabiki wake wamejipanga kuliko wa mwongozaji yeyote. Filamu zenye watazamaji wengi lakini wasio na jeshi mtandaoni zikabaki nyuma. Hamu yako naielewa, lakini kura ya namna ile inapima nani ana muda wa kubonyeza.

Swali: Mimi sina subira ya kusoma maandishi chini ya skrini. Katika washindi wa 2025 nianze na ipi, niangalie na watoto?

Anza na Flow, Filamu Bora ya Katuni, Oscar ya kwanza kabisa kwa Latvia. Haina neno hata moja linalotamkwa, kwa hiyo hakuna cha kutafsiri. Mwongozaji Gints Zilbalodis na kikundi kidogo waliitengeneza kwa Blender, programu ambayo yeyote anaipakua bure. Maji yanafurika dunia nzima, paka mmoja anapanda mashua, na ndani yake anawakuta wanyama ambao kwa kawaida angewakimbia. Zima taa, ongeza sauti. Watoto wakiuliza binadamu wameenda wapi, waache waendelee kuuliza, filamu haisemi.