Kabla ya Kufunga Tabo Kwenye Injini ya Rota Iliyochoka

Wengi wanaoulizia tabo ya Mazda RX-8, gari lenye injini ya rota (vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni), gari lao limeshaanza kukosa nguvu, na wanatumaini tabo itazirudisha. Haitazirudisha. Itaongeza presha na joto juu ya sili (vipande vinavyoziba kingo za rota) zilezile zinazovuja. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya injini) kwanza, bei za vifaa baadaye.

Rota ina nyuso tatu. Geji ya kawaida ya injini za pistoni ina valvu inayoshikilia kipimo kikubwa tu, kwa hiyo uso mmoja mzima huficha nyuso mbili mbovu. Tafuta kipimo cha rota. Kikikosekana, toa hiyo valvu. Injini ikiwa ya moto na betri imejaa, kata pampu ya mafuta na umeme wa koili, funga geji kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta mpaka mwisho, kisha piga stata sekunde tano hadi kumi huku simu ikirekodi mshale. Miruko yote ya mshale iwe sawa; kila uso hutoa mruko mmoja. Kati ya kila mitatu, mmoja ukiwa mfupi, shuku sili ya pembeni. Miwili ikiwa mifupi, shuku sili ya ncha, maana hiyo hutenganisha vyumba viwili.

Kiwango cha chini cha Mazda kwa Renesis, injini ya RX-8, ni kPa (kilopaskali) 680 stata ikizungusha mizunguko 250 kwa dakika. Tofauti ndani ya rota moja isizidi 150, na kati ya rota mbili isizidi 100. Stata ikizunguka polepole, namba zinashuka. Mwinuko nao unazishusha: injini inayotoa 680 Mombasa itasoma karibu 560 Nairobi, kwa hiyo usiihukumu ya bara kwa namba za pwani.

Namba zikiwa nzuri na gari bado zito, angalia koili, plagi na katalista (kichujio cha moshi) iliyoziba. Koili za RX-8 hufa mapema. Ila gari linalowaka vizuri asubuhi na kugoma likiwa la moto mara nyingi ni kompresheni.

Ukiwa chini ya kiwango, acha tabo. Renesis inagandamiza 10:1, wakati 13B-REW ya RX-7, iliyotoka kiwandani na tabo mbili, ni 9:1. Sili ya ncha ina unene wa milimita 2, na iliyolika inachezacheza kwenye mfereji wake. Pistoni huweza kuvumilia nokingi (mafuta kulipuka ovyo ndani ya injini) kidogo. Sili hii pigo moja kali linaivunja. Zaidi ya hapo, tundu la katikati la moshi linatumiwa na rota zote mbili, na joto hurundikana hapo. Pesa ya tabo ipeleke kwenye ovahoo. Injini ikifunguliwa, kagua kromu ya hauzingi (ganda ambalo rota huzunguka ndani yake) karibu na matundu ya plagi: ikibanduka, sili mpya peke yake hazitadumu.

Injini ikiwa nzima, rejeta, intakula (kipoza hewa ya tabo), nozeli na pampu kubwa vitangulie, pamoja na kompyuta inayoweza kupangwa upya na geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Anza na bar 0.4, mchanganyiko ukae karibu 11:1 (hewa kwa mafuta) tabo ikisukuma, na moto wa plagi urudishwe nyuma, yaani uwake kwa kuchelewa kidogo. Ukitaka nguvu nyingi zaidi, nunua 13B-REW badala ya kuilazimisha Renesis.