Mwamba Chini ya Mchanga: Kuuzuia Usichimbike Kwenye Modeli

Swali: Modeli yangu ya kompyuta ya usafirishaji wa mashapo (mchanga na tope linalobebwa na maji) inachimba mashimo ya mita mbili mahali ambapo chini ni mwamba mtupu. Nilizikuza chembe za mchanga hapo hadi sentimita kadhaa. Mashimo yakaisha, lakini sasa mchanga unarundikana kandokando. Nifanyeje?

Jibu: Rudisha chembe zilivyokuwa. Mwamba hauzuii mchanga kupita juu yake, unazuia sakafu ya chini ya maji kushuka tu. Ukikuza chembe unazuia vyote viwili, kupita na kushuka, na mchanga unaofika hapo unakosa njia.

Kinachotakiwa ni ramani ya unene wa mashapo: sufuri penye mwamba wazi, na kwingineko mwinuko wa sakafu ukitoa mwinuko wa uso wa mwamba. Kwenye XBeach (programu ya kuiga mawimbi na mmomonyoko wa pwani) andika struct = 1, kisha utaje faili yako katika ne_layer. Faili hiyo hubeba unene wa mchanga, si mwinuko wa mwamba. Hapo ndipo wengi hukosea. Kwenye Delft3D (programu nyingine ya kuiga maji na mashapo) toa unene wa awali kwa faili. Kigezo THRESH (kawaida mita 0.05) hupunguza usafirishaji kidogo kidogo kadiri safu inavyokwisha.

Ukiona unene hasi, punguza kwanza MorFac (kizidishi kinachoharakisha mabadiliko ya sakafu) au hatua ya muda, kwa sababu safu nyembamba inamalizwa yote kwa hatua moja. Kupandisha THRESH hutuliza pia, ila safu nyembamba ya mchanga itasita kuondoka juu ya mwamba.

Ukwaru nao uuweke peke yake: ramani ya unene haibadilishi msuguano wa sakafu.