Kwa Mwamuzi Mpya wa Mpira wa Kikapu: Mtazame Mlinzi

Wengi wanaoanza uamuzi wa mpira wa kikapu hapa Uganda, iwe katika mashindano ya shule au kwenye viwanja vya wazi vya Lugogo, huja na sheria kichwani na macho kwenye mpira. Sheria zitawafaa, lakini macho hayo yatawaponza. Mwenye mpira utamwona tu hata usipomkazia macho, ilhali swali la kama mgongano ni madhambi hujibiwa zaidi na alichofanya mlinzi: je, alikwisha kusimama mahali pake kihalali, na je, aliruka wima, mikono juu, bila kutoka ndani ya silinda yake, yaani nafasi ya kufikirika inayomzunguka kutoka sakafuni hadi juu? Mlinzi wa namna hiyo hana kosa hata mshambuliaji akianguka na jukwaa zima likapiga kelele. Ukipuliza kipyenga kwa ajili ya kelele hizo, makocha wote wawili watakutambua mapema kuwa unaendeshwa na mashabiki.

Ili kumwona mlinzi huyo, simama mahali unapouona mwanya kati ya wachezaji hao wawili. Wakikuzibia, sogea hatua moja au mbili kando. Mkiwa waamuzi wawili, aliye kwenye mstari wa mwisho amwachie mwenzake mpira ulio mbali, yeye aangalie wanaosukumana chini ya kikapu. Kuuacha mpira ndilo jambo gumu zaidi kulizoea.

Kuhusu kosa la kutembea na mpira bila kuudunda, tangu 2017 sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, haziuhesabu mguu ulio chini wakati mchezaji aliye mwendoni anapoudhibiti mpira. Hatua mbili anazoruhusiwa huanza kuhesabiwa baada ya hapo. Kwa hiyo usipulize kwa sababu tu mwendo umeonekana wa ajabu.

Ishara za mikono zifanyie mazoezi mbele ya kioo, kwani uwanjani wachezaji huchanganya Kiluganda, Kiingereza na Kiswahili, na mkono ndio unaoeleweka na wote. Ngumi iliyoinuliwa husimamisha saa kwa madhambi, kiganja kilicho wazi kwa ukiukaji mwingine. Kisha nenda kwenye meza ya karani, simama kabisa, onyesha namba ya mchezaji, aina ya kosa na adhabu yake, bila haraka, kwa kuwa madhambi matano humtoa mchezaji mchezoni, na karani aliyesoma namba vibaya anaweza kumtoa asiyestahili.