Miaka tisa ya stoo na shahada ya dola 600

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Zuhura,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima. Mama yako amekufungia dagaa, watakuja na basi la Jumatano.

Umeuliza kuhusu hao watu wa mtandaoni wanaokwambia miaka yako tisa ya kutunza stoo inatosha kupewa shahada ya biashara, bila darasa wala mtihani, kwa dola 600. Eti ni haki yako au ni utapeli? Ukaongeza kwamba mbona baba nawe una cheti cha uzoefu.

Hapo umenishika pabaya, maana ninacho kweli. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nilikipata nina miaka 51, ufundi wenyewe nimeuokotea gereji. Ila sikuwahi kukusimulia siku ile. Mwalimu alinipeleka kwenye injini ya Fuso, akasema rekebisha vali. Nikarekebisha kama siku zote, kwa kidole na sikio. "Umeacha nafasi milimita ngapi?" Nikamjibu, ya kutosha. Vijana wakacheka. Akachukua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, akapima moja moja: nane sawa, nne zimebana. Vali ikibana haifungi vizuri, inaungua. Miaka 27 nimewaunguzia watu vali zao huku lawama nikiitupia dizeli ya magendo! Akanielekeza, nikarudia kazi, akapima tena. Ndipo nikapewa karatasi.

Sasa hao wako, nani amekuja kuhesabu stoo yako? Mwaka 2004 huko Pennsylvania, Marekani, wapelelezi wa serikali walimwombea paka shahada kwenye "chuo" cha namna hiyo. Jina la paka Colby Nolan. Wakamwandikia na uzoefu wa kazi, ikiwemo kulea watoto. Chuo kikaona uzoefu huo ni mkubwa, kikampa shahada ya uzamili ya biashara. Paka, Zuhura.

Si kwamba kazi haiwezi kuzaa shahada. Wafaransa wana sheria tangu 2002 inayoruhusu mtu apate hata shahada kamili kwa kazi aliyoifanya. Lakini anaandika faili zima la kazi zake, kisha anakaa mbele ya jopo, wanamhoji. Wakiona pengo, wanampa sehemu tu, iliyobaki akaitafute.

Unasema utaitumia kuombea cheo tu, haimdhuru mtu. Unakumbuka Aprili 2017, watumishi 9,932 walipotajwa kwa vyeti feki? Jirani yetu mmoja alikuwemo. Kazi aliijua yule, hata leo watu wanamsifu. Karatasi ndiyo iliyomponza. Na shahada ya nje, mwajiri makini atataka utambuzi wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Utawapelekea nini?

Chuo Kikuu Huria wana kituo hapa Kigoma, na huko uliko hawakosekani. Nenda kawaulize watu wazima wasio na sifa za moja kwa moja wanaingiaje. Njia zipo, ila utasoma. Usiku, na watoto wanalia. Najua.

Tena nakuuliza kama fundi: mara ya mwisho hesabu ya daftari na mzigo wa rafu vilipokataa kulingana, ulitafuta kosa wapi kwanza? Niandikie hilo. Nataka kujua kweli.

Na kama ulishawatumia cha kuanzia, niambie tu. Sitakugombeza.

Baba yako