Kuvuka Namanga na Noah ya shemeji kwenda kula mbuzi, tubebe nini?

Swali la dada mmoja wa Moshono, Arusha: "Mwezi huu wa saba baridi imetubana, tumekubaliana watu wazima wanne na mtoto wa miaka sita tuvuke Namanga Jumamosi moja tukale mbuzi choma upande wa Kenya turudi siku hiyohiyo. Gari ni Noah ya shemeji, namba binafsi, yeye mwenyewe haendi. Tunahitaji nini na je tunaweza kufika mpaka Nairobi?"

Dada, safari inawezekana kabisa na umechagua msimu mzuri kuliko unavyodhani. Mimi ni wakala wa forodha na pale Namanga watu nnaowaona wanakwama ni wale wenye gari la mtu mwingine, kwa hiyo tuanze na gari.

Shemeji akupe kadi ya gari yenyewe, original, sio kopi ya simu, na barua ya kukuruhusu kulitoa nje ya nchi yenye namba ya gari, jina la dereva na tarehe, ipigwe muhuri kwa wakili. Kama gari lina mkopo na kadi iko benki anzeni kuifuatilia mapema, hilo haliishi kwa siku moja. Afu bima. Ile bima mnayotumia hapa haivuki mpaka, nenda kampuni iliyokukatia waombe kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, inaongezwa juu ya bima uliyonayo na inalipia madhara mtakayomsababishia mtu mwingine kule. Watu huniambia Tanzania si ilishajitoa COMESA, ni kweli tulitoka mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi ya njano tumebaki. Ikateni mjini siku mbili tatu kabla, msisubiri kuhangaika nayo mpakani asubuhi na mtoto yuko kwenye gari. Na hayo yote ni kwa namba binafsi, mkiamua kukodi Noah ya biashara kuna vibali vingine vya kubeba abiria kuvuka mpaka, mwachieni mwenye gari ahangaike navyo.

Kwa watu ni paspoti, asiye nayo aende Uhamiaji akachukue hati ya dharura ya safari. Wakenya wanaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu, sisi NIDA bado haitufikishi huko. Mtoto naye awe na hati yake, na bebeni cheti chake cha kuzaliwa. Kingine ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, dawati la afya wanaweza kuiuliza hasa mkiwa mnarudi. Tangu 2016 kadi hiyo haiishi muda, ila kama kuna ambaye hajawahi kuchanja ajue cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, sasa akichanja Ijumaa ya kuamkia Jumamosi hiyo haimsaidii.

Pale Namanga utaratibu ni wa kituo kimoja, mkitoka huku msisimame jengo la kwetu, piteni mpaka jengo la Kenya, ndani mtawakuta Uhamiaji na forodha wa nchi zote mbili, mnagonga kutoka na kuingia hapohapo na gari mnaliombea kibali cha muda. Rambo acheni nyumbani, Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017, wametutangulia maana kwetu ni Juni 2019. Hela badilisheni benki au duka la fedha, wale vijana wa mafungu ya noti dirishani wapiteni tu.

Nairobi hapana, kwa siku moja na mtoto mtaiona barabara tu. Arusha mpaka Namanga ni kama kilomita 110, kutoka hapo Nairobi ni nyingine 160 na kitu na foleni inaanza kuwasubiri Kitengela. Ishieni Bissil au Kajiado mjini, ziko njiani kabla ya Kitengela. Mkitoka saa 12 asubuhi ukungu mnauacha Ngaramtoni na Oldonyosambu, Longido mnakuta jua, hapo katikati dereva apunguze mwendo maana ng'ombe wanavuka barabara muda wowote. Saa 5 mko mezani.

Na huko ndo kwenye mbuzi wenyewe. Mvua za masika zimeisha mwezi wa tano, majani bado yapo, mifugo ya Wamasai mwezi wa sita na wa saba ina mafuta, njoo mwezi wa kumi ukame umekaza uone tofauti ya mbavu. Unaingia buchani, nyama imening'inia, unaonyesha kipande kwa kidole, inapimwa mbele yako afu inaenda jikoni na chumvi tu. Omba mbavu na paja, mbavu zinawahi kuiva zinawatuliza wakati paja linaendelea taratibu, hesabu saa nzima au zaidi na usimharakishe mchomaji, akiongeza moto nje inaungua ndani inabaki ngumu. Inakatwakatwa kwenye ubao, inakuja na ugali na kachumbari, ndizi choma za kwetu msizitegemee. Watu wazima wanne kilo tatu zinatosha maana mifupa imo. Wakiwa na kondoo mwekundu wa Kimasai jaribuni nusu kilo, yale mafuta ya mkia kwenye baridi hii mwili unayapokea vizuri sana.

Saa 8 anzeni kurudi. Nyama mbichi msibebe hata ikiwa bei nzuri, kuivusha kunahitaji vibali vya mifugo na itaishia kuchukuliwa. Kurudi mnafanyia kila kitu jengo la Tanzania, na kabla ya mihuri ya paspoti nendeni forodha mrudishe ile karatasi ya gari wakifunge kibali. Wengi wakishashiba na kuchoka wanagonga paspoti wanaondoka, gari linabaki kwenye mfumo kama bado liko Kenya, na siku shemeji anataka kuvuka mwenyewe ndo anaambiwa.