Maji ya ziwa yakigeuka kijani, kuchemsha hakutoshi

Mimi ni wa Katonga, Kigoma, maji ya ziwa Tanganyika nimeyanywa tangu mtoto na nyumbani tulifundishwa kitu kimoja tu, chemsha. Mwaka juzi mwezi wa kumi, kusi limeshapoa, jua linachoma, maji yametulia tuli, nikakuta ufukweni utando wa kijani kama mtu kamwaga rangi ya mlango. Nikausukuma kwa ndoo nikachota chini yake nikachemsha tukanywa. Mtoto wa dada yangu aliyeshinda anaogelea palepale akatoka vipele mwili mzima na tumbo likamsumbua siku mbili, nesi ndo akanifungua macho.

Kumbe ule utando ni vijidudu vinaitwa sianobakteria na baadhi vina sumu, na sumu kama mikrosistini haiondoki kwa moto jamani. Ukichemsha vijidudu vinapasuka, sumu inabaki humohumo sufuriani na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Mwaka 2014 kule Toledo, Marekani, wanakunywa maji ya ziwa Erie, watu kama laki nne waliambiwa wasinywe ya bomba na wasiyachemshe, sababu ndo hiyohiyo, na wale wana mitambo ya kusafisha sembuse sisi wa ndoo.

Sio kila ukijani una sumu ila kwa macho hutofautishi, kwa hiyo chukulia ipo. Chota kisimani, au bombani kama maji yake hayatoki ziwani, mpaka utando uondoke, watoto wasiogelee, mbuzi wasinyweshwe pale, na samaki kama migebuka au kuhe wa hapo karibu toa utumbo na maini yote utupe, minofu ioshe kwa maji safi.

Sasa chanzo, na hapa ndo panaponiuma. Ziwa lenyewe linachangia, kusi likivuma virutubisho vinapanda kutoka chini na dagaa wetu wanaishi kwa hivyo. Lakini sisi tunaongeza, vyoo, sabuni, mbolea. Nalima mpunga Luiche, niliwahi kumwaga mfuko mzima wa mbolea ya Urea wingu limeshafunga kisa vibarua nimeshawalipa, usiku ikanyesha, asubuhi majaruba yamefurika maji yanakimbilia mtoni na Luiche unaishia ziwani. Urea ni asilimia 46 nitrojeni, nayo ni kirutubisho, yani hela yangu ilienda kulisha ule utando wa kijani. Hata baharini ni hivyohivyo, mto Mississippi unapeleka mbolea za mashamba Ghuba ya Meksiko, mwani unajaa, ukifa unaoza na kumaliza oksijeni, kila kiangazi samaki wanakimbia au wanakufa.

Siku hizi naweka kidogokidogo kwa awamu, naangalia wingu kwanza, naziba jaruba maji yasitoke, na matete ya kando ya mto siyafyeki tena. Bi mkubwa alikuwa anafulia ziwani, nimemchimbia shimo la maji ya sabuni nyuma ya nyumba, mbali na kisima, analalamika mgongo kubeba maji mpaka huku kwa hiyo namchotea mimi kila Jumamosi.