Muulize Nahodha: Lida ikishafika mkononi

SWALI: Shikamoo nahodha. Nina miaka miwili nikiosha boti na kukata chambo hapa Watamu. Sasa nimeitwa niwe baharia wa pili kwenye mashindano ya siku tatu, na baharia mkubwa ameshaniambia kwamba mimi ndiye nitakayeshika lida, ule uzi mnene wa mwisho karibu na ndoana, samaki akifika botini. Tangu siku hiyo usingizi umeniruka. Nifanye nini nisije nikawaharibia wenzangu?
Msomaji, Timboni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huo usingizi ulioruka ni dalili kwamba umekielewa ulichopewa. Nimefanya kazi shetri, huko nyuma ya boti, miaka kumi na moja kabla sijakabidhiwa usukani, na mpaka leo naamini samaki wa mashindano hukamatwa au hupotea katika ile dakika moja ya lida.

Lakini dakika hiyo huanza kuandaliwa saa kumi alfajiri. Fika wa kwanza. Chuchunge, wale samaki wadogo wa chambo, washonwe wakiwa bado wa baridi, tumbo lisipasuke, na kila mmoja umburute kidogo ubavuni mwa boti uone kama anaogelea au anazunguka kama pia. Anayezunguka mtupe. Kisha pitisha mita za mwisho za kila uzi katikati ya vidole, polepole, macho umefumba. Mkwaruzo usioonekana kwa macho kidole hukipata. Mimi nilikosa kufanya hivyo asubuhi moja kwa sababu tulichelewa kutoka, na nduwaro (marlin) aliyekuwa ametufanyisha kazi saa mbili alikata uzi mbele ya macho yetu, maji yakatulia kama hakukuwa na kitu. Mvuvi wetu hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Mkishatoka mlango wa mwamba na redio ikatangaza kamba majini, yaani ruhusa ya kuanza kuvua, kazi yako kubwa ni macho. Msimu huu wa kaskazi nahodha wako huenda akaelekea kaskazini, kule maji ya Mto Sabaki yanapokutana na bahari safi. Utaona mstari: upande huu kahawia, upande ule buluu. Sulisuli, jamaa wa nduwaro mwenye pezi kama tanga, hupenda kuwinda kwenye mpaka huo, kwa sababu vidagaa hujificha kwenye maji machafu na yeye huwangoja watoke. Usiangalie chambo tu. Angalia nyuma yake, chini kidogo ya uso wa maji, kivuli cha rangi ya zambarau. Ukikiona, sema kwa sauti moja iliyo wazi na utaje mshipi: "Kulia, mrefu!", yaani mshipi mrefu wa upande wa kulia. Baharia anayepiga kelele za "samaki, samaki!" bila kutaja wapi anawachanganya wote.

Kama mnatumia ndoana za duara, na mkivua kwa chambo halisi natumaini ndizo mnazotumia, mwambie mvuvi asivute kwa nguvu. Ampe samaki nafasi ya kugeuka na chambo, kisha akaze rili taratibu. Ndoana itajitafutia pembe ya mdomo yenyewe. Kuanzia hapo usiguse fimbo yake, rili yake wala uzi wake. Kanuni za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo lililoanzishwa mwaka 1939, ziko wazi: mvuvi apigane peke yake mpaka lida ifike. Nimeona boti ikipoteza samaki halali kabisa kwa sababu kijana mwenye huruma alimshikilia mzee fimbo sekunde tatu avue kofia. Wewe toa mishipi mingine majini, mgeuzie kiti, mmwagie maji mgongoni. Basi.

Sasa lida. Vaa glavu mbili nzuri, vua pete, vua saa. Mkono uingie kwenye uzi kiganja kikiangalia nje, zungusha mara moja, au mbili ikiwa uzi unateleza, ili ukifungua vidole tu uzi utoke wenyewe. Jaribu jioni hii ukiwa na mtu anayevuta upande wa pili, mara hamsini, mpaka mkono ufungue kabla hujafikiri. Usizungushe kifundoni kamwe. Na uzi uliokwisha kuuvuta urudishe majini nyuma ya boti, usiuache ukajikunja miguuni pako. Rafiki yangu niliyeanza naye kazi alizungusha mara tatu, mzingo juu ya mzingo, na nduwaro akapiga mbizi. Alibaki na mkono wenye vidole vitatu, na yeye mwenyewe husema ana bahati kwamba hakwenda na samaki.

Katika mashindano mengi ya kuachia, ambako samaki hurudishwa baharini, ukishaishika lida samaki amehesabiwa. Kwa hiyo akitaka kwenda tena, mwachie aende. Usijitie ubabe mbele ya kamera. Na kabla ya siku ya kwanza, keti na baharia mkubwa mgawane kazi kwa maneno: nani anashika lida, nani anamchoma samaki alama ya utambulisho, nani anapiga picha ya ushahidi. Mtu asidhani mwenzake anajua.

SWALI: Nahodha, sisi ni wa Shimoni. Tulimpigania jodari mkubwa kwenye mkondo wa Pemba, na alipofika karibu na boti papa akamng'oa kipande cha nyama karibu na mkia, kama ukubwa wa kiganja. Waamuzi walimkataa asipimwe. Mwenye boti anasema mabaharia ndio tuliochelewa, na amekataa kutusikiliza. Je, ni haki?
Msomaji, Shimoni

JIBU: Waamuzi walikuwa sahihi, ndugu yangu, ingawa najua inauma. Samaki aliyeliwa nyama na papa akiwa bado majini hakubaliki kwa kanuni za IGFA, na mashindano mengi hufuata hizo. Maana yake ni nyepesi kuielewa: samaki aliyejeruhiwa hapigani kwa nguvu zake zote, kwa hiyo mvuvi amesaidiwa na papa.

Mwonyeshe mwenye boti kisa cha Big Rock, mashindano makubwa ya nduwaro kule Morehead City, North Carolina, Marekani. Juni 2023, boti iitwayo Sensation ilileta nduwaro wa ratili 619.4, karibu kilo 281. Zawadi iliyokuwa ikimngoja ilizidi dola milioni 3. Walipomkagua wakakuta ameumwa na papa, wakamkataa, na ushindi ukaenda kwa boti nyingine iliyokuwa na samaki wa ratili 484.5. Habari ile ilipotufikia huku tulikaa barazani tukaijadili mpaka isha, na wengi wetu tuliwaonea huruma mabaharia wake kuliko mwenye boti, kwa kuwa tunajua walivyokuwa wamechoka.

Ama lawama, hapo nasimama na nyinyi. Muda wa pambano haupangwi na aliyesimama shetri na glavu. Unapangwa na nahodha anavyorudisha boti nyuma kumfuata samaki, na unapangwa na mwenye boti anapochagua uzi mwembamba ili apate pointi zaidi. Penye papa wengi, tumia uzi mzito, mmalize mapema. Mwambieni hivyo kwa adabu, akiwa amekaa, si gatini mbele ya watu.

SWALI: Asalaam aleikum nahodha. Mume wangu ni baharia wa boti za mashindano. Juzi alirudi akisema wamepata sulisuli sita na wote wamewarudisha baharini. Samaki wa kilo thelathini! Mimi nilikuwa nimekopa unga dukani. Nisamehe, lakini naona ni kufuru. Hebu nieleze.
Mama wa watoto wanne, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Huna la kusamehewa. Mama yangu mzazi aliniuliza swali hilo hilo mwaka wangu wa kwanza, akiwa ameshika sufuria tupu, na sikuwa na jibu. Leo ninalo, sijui kama litakutosha.

Sulisuli akifa mara moja huliwa mara moja. Akiachiwa, huyo huyo anaweza kumleta mgeni mwingine kesho, na mgeni hulipa boti, mafuta, barafu, na mshahara wa mumeo. Hapa Watamu tangu miaka ya 1990 kumekuwa na taasisi ya African Billfish Foundation inayokusanya kumbukumbu za samaki waliowekewa alama. Baharia huchoma kijialama chembamba begani, chini ya pezi la mgongo, mbali na kichwa, kisha anaandika mahali, tarehe na uzito wa kukisia. Samaki huyo akinaswa tena, hata na mvuvi wa nyavu mbali na hapa, hujulikana ametembea umbali gani na amekua kiasi gani. Mimi nimewawekea alama mamia, na kila nikisikia mmoja amepatikana, moyo hufurahi kama nimepata salamu za mwanangu aliyesafiri.

Lakini kumwachia ni kazi, si kumtupa. Hapandishwi botini. Hushikwa mdomo akiwa majini, boti inakwenda mbele polepole ili maji yapite kwenye mashavu yake, mpaka rangi imrudie na aanze kukaza mwili. Anayevuja damu kwenye mashavu mimi sikubali arudishwe ili tu tuonekane wema. Huyo aje pwani aliwe. Na simwambii mvuvi wa ngalawa amwachie sulisuli wake. Yeye anavua chakula, sisi tunavua mchezo, na anayevua mchezo ndiye mwenye deni.

Sasa nikwambie jambo ambalo mumeo pengine hakukwambia. Siku hizo hizo za mashindano boti hupata jodari, nguru na faulusi, na hao mara nyingi huletwa. Wa nani? Katika boti yangu tulikubaliana kabla ya kutoka: mwenye boti achukue mmoja, mvuvi achukue mmoja akitaka, waliobaki ni wa mabaharia, na zawadi ya fedha ikipatikana kila mmoja anajua fungu lake. Boti nyingi hazisemi lolote, na baharia huona haya kuuliza akiwa ameshafika nyumbani mikono mitupu. Mashindano yajayo yanaanza Ijumaa. Muulize mumeo Alhamisi usiku, kabla hajalala, kama wamekubaliana. Kama bado, asubuhi aulize wenzake wote wakiwa wamesimama gatini, boti haijafunguliwa kamba.